Karatasi ya Chini

Zanobi mchora masanduku alijua kuchora mwanamke mmoja tu. Farasi aliwaweza, ngome aliziweza, wapiganaji wenye mikuki angekupangia safu nzima kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwanamke asiye na nguo, yule anayelazwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bibi harusi, alikuwa mmoja, na huyo mmoja alimchora kwa miaka ishirini na miwili bila mtu kumuuliza kamtoa wapi.

Hapa Firenze hakuna binti wa watu wenye uwezo anayeozwa bila sanduku. Nje huchorwa vita na maandamano, mambo ya kuonwa njiani siku bibi harusi anapohamia kwa mume. Ndani ya kifuniko hulala Venere, mungu wa kike wa mapenzi wa watu wa kale, mwenye nyota ya Zuhura. Mapadri wanajua yupo na wanajifanya hawajui. Bibi harusi akifungua kutoa shuka anamwona, na akimwona kila siku mtoto wake atatoka mzuri. Ndivyo wanawake wanavyosema, na mimi sijasikia mwanamume aliyethubutu kubisha.

Zanobi mwenyewe alikuwa mtoto wa mshona matandiko ya farasi. Alianza kwa kupaka rangi matandiko na ngao, akapanda hadi masanduku, akaishia hapo. Hakuwahi kuitwa kuchora kanisani wala hakuota kuitwa. Alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ndogo, aliyependa kitunguu kibichi na aliyeogopa ugomvi kuliko alivyoogopa homa. Ukimpandishia sauti anakubali lolote, halafu anakwenda kufanya alivyotaka. Shika neno hilo, maana ndilo lililomponza.

Alimwoa Vaggia, binti wa mchonga viatu vya mbao. Wakati huo Zanobi ndiyo kwanza kafungua karakana yake, na Venere wake wa kwanza alirudishwa na mteja pamoja na sanduku lake. Vaggia akafungua kifuniko aone kosa liko wapi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ndiye Venere? Huyu ni askari aliyeibiwa nguo mtoni! Bibi harusi akimtazama huyu atazaa mwashi na mwiko wake mkononi."

"Sasa nifanyeje, Vaggia? Nitamtazama nani?"

Kicheko kikaisha. Wote wawili walijua jibu. Mteja alikuwa ametoa siku nane, na karakana changa ikirudishiwa kazi mara mbili hufungwa.

"Siku moja tu," Vaggia alisema mwisho. "Mlango uwe na komeo. Na ukishamaliza, hiyo karatasi uichome mbele yangu, niione inageuka majivu."

"Nakula yamini."

"Usile yamini. Ichome tu."

Ilikuwa katikati ya baridi. Zanobi aliweka jiko la makaa karibu na kitanda, na Vaggia akalala pale amegeuzia uso ukutani, masikio yamemwiva kwa haya. Kilichomtesa zaidi kilikuwa mguu wa kushoto. Kidole cha pili na cha tatu vilizaliwa vimeshikana mpaka kwenye kucha. Baba yake alimchongea viatu vya peke yake tangu utotoni, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona mguu ule bila soksi ila wazazi wake na Zanobi. Mkunga angeuona, lakini mkunga hakuwahi kuwa na sababu ya kuja kwenye nyumba ile, wakati ule wala baadaye. Vaggia alijaribu kuuficha chini ya blanketi. Zanobi akamwambia auache, nani atatazama miguu.

Alichora siku nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mkono wake ulichora mtu. Ulichora mgongo wenye uzito na tumbo linalopumua, na vidole viwili vilivyoshikana akaviweka navyo, kwa sababu vilikuwepo.

Sasa, mchoro haupandi ubaoni wenyewe. Unaufuata mstari kwa mstari kwa ncha ya sindano, tundu baada ya tundu, kisha unaulaza juu ya ubao na kuupigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Ukiinua karatasi, mtu yuko ubaoni kwa nukta. Na kila fundi, anapotoboa, huweka karatasi ya pili chini, ili sindano moja impe matundu mawili kwa jasho moja. Zanobi aliweka karatasi ya chini. Aliiweka kwa mazoea, ukimsikiliza yeye.

Jioni hiyo alimwita Vaggia, akaitia karatasi ya juu kwenye jiko la makaa. Mchoro ukajikunja, ukashika moto, ukaisha. Vaggia alitazama mpaka cheche ya mwisho.

"Ahsante, mume wangu," alisema, akamshika mkono.

Karatasi ya chini ilikuwa imelala kwenye mtoto wa meza, nyeupe, ina matundu tu. Zanobi alijiambia kwamba aliahidi kuchoma mchoro na mchoro ameuchoma, matundu si mchoro. Aliona haya wiki nzima. Kisha sanduku likasifiwa, likaja agizo la pili, haya ikapungua, na agizo la tatu lilipokuja alikuwa ameshazoea kuivuta karatasi ile bila kutazama mlangoni.

Vaggia hakujua. Angejuaje? Masanduku yaliondoka karakana vifuniko vikiwa vimefungwa kwa kamba, na vyumba yalikokwenda si vyumba vya binti wa mchonga viatu. Uso Zanobi aliubuni, mweupe, wa mviringo, usio na habari yoyote. Nywele alibadilisha, mto alibadilisha. Mwili haukubadilika. Mara nyingi alikusudia kuvitenganisha vile vidole viwili, mstari mmoja tu wa brashi, na kila mara alipofika pale mkono ulikataa.

Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, aliitwa na Monna, yaani Bi, Ginevra, mke wa mfanyabiashara wa hariri, aliyekuwa akimwoza mwanawe wa kiume.

"Fundi, Venere wako nimemwona kwa dada yangu," alisema. "Mwili ni wa mtu, lakini uso ni wa sahani. Mkwe wangu atazame sahani? Nitafutie uso."

Zanobi akarudi amefadhaika. Kesho yake asubuhi uso ukaja wenyewe mlangoni, umebeba mikate.

Alikuwa Tancia, binti wa mwenye tanuri wa mtaani kwetu, mwenye miaka ishirini na mmoja. Sote tunakanda nyumbani na kupeleka kwao kuoka, na Tancia ndiye anayerudisha, ubao kichwani, shingo imenyooka, macho yameshuka kidogo aone ngazi. Nyusi yake ya kulia ina pengo, tanuri liliiunguza akiwa na miaka tisa. Zanobi alimtazama akishusha ubao, akamtazama akiondoka, akapanda juu akakoroga rangi na kiini cha yai, na kufikia mchana Tancia alikuwa kwenye kifuniko, shingo yake na macho yake na pengo la nyusi. Hakumwomba ruhusa. Hata wazo la kumwomba halikumjia. Alifurahi siku ile mpaka akapiga mluzi, na Vaggia akamuuliza kutoka jikoni amekula nini.

Harusi ya kwa Monna Ginevra ilikuwa Jumatano baada ya Pasaka. Kesho yake wanawake wa parokia walikaribishwa kuona chumba cha bibi harusi, na miongoni mwao alikuwa Monna Bartola, mjane muuza mishumaa, kwa kuwa mishumaa yote ya harusi ilitoka kwake. Mwanawe, Meo, mtia rangi nguo, alikuwa amvishe Tancia pete Jumapili ya wiki ileile. Kifuniko kikafunguliwa. Wanawake wakasema aah. Monna Bartola akakaribia, akainama, akanyanyuka hana rangi.

Alijikaza mpaka kisimani. Pale kisimani akafunguka.

"Jamani, nimemwona mkwe wangu! Nimemwona mzima, kuanzia unywele hadi unyayo! Sisi tunamngoja Jumapili, kumbe yeye kashavuliwa na Zanobi zamani, kalazwa kwenye mto kama samaki sokoni!"

"Mama Bartola, punguza sauti," jirani mmoja akamwambia.

"Nipunguze nini? Mchoro wake umepunguza nini?"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa nayo. Mwenye tanuri alifunga mlango, na unga wa watu ukabaki umeumuka bila pa kuoka. Meo alionekana amesimama nje ya karakana ya rangi, mikono yake ya buluu ameificha kwapani. Alipoulizwa kama pete ipo, alijibu, "Mama kasema tungoje."

Tancia hakungoja. Alikuja kwa Zanobi alasiri ile, kitambaa amekishusha mpaka machoni, safari hii bila ubao.

"Fundi, umenichora?"

"Nyuso hufanana, binti."

Akakisukuma kitambaa nyuma, akamwonyesha nyusi. "Na hii? Kuna mwingine aliyeungua hapa?"

Zanobi alitazama brashi zake. Anajua mwenyewe kwamba wakati ule alikuwa na nafasi ya kusema kweli yote, chumba kilikuwa na watu wawili tu, na aliiacha ipite.

"Mimi nilikukosea nini?" Tancia alisema. "Nimekuletea mkate miaka yote hii. Nenda kwa Mama Bartola umwambie sikuja hapa. Umwambie hukuniona. Sikuombi kingine."

"Nitakwenda."

Alikwenda, na Monna Bartola alimsikiliza huku akikata tambi za mishumaa, mikono haisimami.

"Uso uliuona mlangoni. Haya, nimekubali. Na mwili?"

"Mwili ni wa kubuni, Monna Bartola."

"Zanobi, mimi nimezika mume na kuosha maiti za dada zangu wawili. Mwili uliobuniwa naujua na mwili ulioonwa naujua. Yule mwanamke anaona baridi, nimeiona mabegani. Ulimwona. Sasa kama si Tancia, nitajie nani, nikanyamaze."

Zanobi akafungua kinywa. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jina la mke wake, na pamoja nalo jiko la makaa, na ile ahsante. Akakifunga. Monna Bartola akatikisa kichwa na kurudi kwenye tambi zake.

Kama angekuwa na nyumba moja tu ya kumsaidia! Kulikuwa na masanduku thelathini mjini yenye mwili uleule, mengine ya kabla Tancia hajajifunza kutembea. Lakini nyumba gani kubwa itamfungulia muuza mishumaa sanduku la chumbani, kwa ajili ya binti wa mwenye tanuri? Alimwendea Monna Ginevra amsaidie kusema alichokiona kwa dada yake. Monna Ginevra hakutaka jina la nyumba yake litajwe kisimani. Mwili haukumbuki, alisema, anakumbuka uso tu.

Ijumaa mezani Vaggia aliweka supu ya maharage na kabichi nyeusi, akaketi mbele yake.

"Zanobi, huyo mtoto hukumwona?"

"Sikumwona."

"Basi ule mwili umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani!" Vaggia akacheka kidogo. "Kichwa ninachokijua mimi kilitoa askari aliyeibiwa nguo."

Akaendelea kula. Baada ya vijiko vitatu akasimamisha kijiko, akamtazama mumewe, akamtazama kwa muda ule ambao mtu hutazama mlango anaodhani aliufunga. Kisha akainamia sahani tena.

Usiniambie alikuwa mwoga tu. Mwoga asingeumia vile. Alilala akijiona jinsi alivyo, mzee wa miaka hamsini anayemwacha msichana avunjiwe ndoa ili mkewe asijue kwamba alimdanganya akiwa kijana. Asubuhi ya Jumamosi akapiga moyo konde. Akaitoa ile karatasi kwenye mtoto wa meza, imekuwa nyeusi kwa vumbi la miaka, pembe zimechakaa. Njiani akatunga namna ya kumwokoa Tancia bila kumpoteza Vaggia. Aliiona ni akili nzuri. Nasikia aibu hata kuisimulia.

Kwa Monna Ginevra wanawake walikuwa bado wanakuja kumpongeza bibi harusi. Zanobi aliomba Monna Bartola aitwe, Tancia aitwe, na Monna Ginevra, aliyetaka maneno ya kisimani yaishe, akakubali. Alipoona wamefika, akawafuata chumbani macho chini, akafungua kifuniko, akaiweka karatasi juu ya mchoro. Ilikaa sawasawa. Tundu liliangukia mstari, bega kwa bega, nyonga kwa nyonga.

"Huu mwili nimeutumia miaka ishirini na miwili," alisema. "Tancia alikuwa hajazaliwa. Uso niliuiba mlangoni bila kumwambia, na hilo ni kosa langu peke yangu. Mwili si wake."

Monna Bartola akaishika karatasi, akaigeuza. "Basi ni wa nani?"

"Wa malaya mmoja," Zanobi alisema. "Alikaa karibu na daraja. Alikufa zamani."

Alilisema upesi, kama alivyojizoeza njiani. Wanawake wakanong'ona. Monna Bartola akaitikisa karatasi puani pa Zanobi.

"Malaya aliyekufa! Huyo ni shahidi mzuri sana, haulizwi kitu. Na karatasi? Karatasi huchafuliwa kwa mkaa hata leo asubuhi. Niletee mtu aliye hai, Zanobi. Usiponiletea, mwanangu havishi pete kesho, wala kesho kutwa."

Tancia akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya wote, mikono imening'inia.

"Nipisheni," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa Vaggia. Tancia ndiye aliyempitia nyumbani alipoitwa, akamwangukia miguuni amwombe mumewe aseme, na Vaggia akaahidi kuja asikie kwa masikio yake. Alikuwa amesikia. Alipita katikati ya wanawake mpaka kwenye sanduku, akainama juu ya kifuniko. Hakuutazama uso. Macho yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye mguu wa kushoto, yakakaa hapo.

Zanobi alitamani sakafu impasukie.

Vaggia akaketi kwenye benchi la kitanda cha bibi harusi. Akavua kiatu cha mbao, akakiweka pembeni. Akafungua utepe wa soksi chini ya goti, akaikunja soksi taratibu mpaka ikatoka, akaunyanyua mguu na kuuweka kwenye ukingo wa sanduku, karibu na ule mwingine. Ulikuwa mguu wa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, una sugu kisiginoni na mishipa ya buluu. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana mpaka kwenye kucha. Na kwenye kifuniko, viwili vilikuwa vimeshikana mpaka kwenye kucha.

"Mimi ndiye malaya wa darajani," Vaggia alisema. "Mnaona, Mungu kanifufua. Haya, Bartola, sogea. Shahidi aliye hai huyu hapa, muulize unachotaka."

Monna Bartola alitazama mguu, akatazama ubao, akamtazama Vaggia usoni, na yeye ndiye aliyegeuza macho kwanza.

"Ufunike, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha. Ufunike mguu." Kisha akamgeukia Tancia, akamvuta kwa nguvu kifuani kwake, akampangusa pua kwa aproni yake mwenyewe iliyonuka nta. "Kesho pete ipo. Na Meo nitamwambia aje kwako kwa magoti. Nami nitakuja nyuma yake."

"Aje," Tancia alisema kutoka ndani ya aproni. "Nitafikiria."

Vaggia alivaa soksi yake bila haraka. Akamnyang'anya Monna Bartola ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Walitembea kurudi nyumbani, yeye mbele, Zanobi hatua tatu nyuma. Mtaani watu waliwasalimu, Vaggia akaitikia kila salamu kwa jina. Walipofika kwenye ukuta wa watawa, mahali pasipo na watu, akazungumza bila kugeuka.

"Uliichoma mbele yangu."

"Niliichoma ya juu. Tulipotoboa... nilipotoboa, ilikuwepo nyingine chini."

"Masanduku mangapi?"

"Na hili, thelathini na moja."

Akatembea kidogo. "Thelathini na moja. Wenyewe ninasimama nao kanisani. Wengine nimewashikia watoto wakibatizwa." Akatembea tena. "Walizaa?"

Zanobi hakuelewa.

"Hao mabibi harusi. Walionitazama. Walizaa watoto wazuri?"

"Vaggia..."

"Nakuuliza. Walizaa wakinitazama mimi, na mimi ulijua niko nyumbani nahesabu miezi. Walizaa au hawakuzaa?"

"Walizaa," Zanobi alisema. "Wengi wao."

Vaggia akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya unga. Wakafika mlangoni, na pale mlangoni Zanobi akasema kitu kimoja cha kweli, kwa kuchelewa kama kawaida yake.

"Vile vidole. Nilitaka kuvitenganisha, usijulikane. Kila mara nilishindwa. Ningevitenganisha, angekuwa mtu mwingine."

Hapo ndipo Vaggia alipogeuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mkono wako ulishindwa kunitenganisha vidole," alisema. "Kinywa chako hakikushindwa kuniita malaya."

Akaingia jikoni. Makaa ya asubuhi yalikuwa bado na moto chini ya majivu, akayachochea, akaweka kuni mbili nyembamba, akapuliza mpaka zikashika. Zanobi alisimama kizingitini akiwa ameshika kofia yake mkononi, kama mgeni. Hakukaribishwa. Hakuthubutu kuondoka pia.

Vaggia akaitoa karatasi kifuani, akaikunjua. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga ukapenya kwenye matundu yote mara moja, bega na mgongo na tumbo la msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akiona baridi. Aliitazama kwa muda. Zanobi alidhani ataibakiza. Alidhani hivyo, na moyo wake, nasema kweli tupu, ulifurahi.

Lakini Vaggia hakuwa akitazama mchoro. Aliishusha karatasi, akaishika pembe, akaanza kuikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akitafuta kama kuna nyingine imenata chini yake.

Ilikuwa moja. Zanobi alijua ni moja tu, akataka kumwambia. Kisha akakumbuka kwamba mara ya kwanza pia angemwambia hivyohivyo, akabaki kuangalia ukucha wa mkewe ukimaliza kazi yake.